Kwa anayeanza kazi gazetini Nairobi

Ukiingia chumba cha habari cha gazeti la kila siku hapa Nairobi, kitu cha kwanza kukukimbiza ni makataa. Zamani yalikuwa ya jioni tu, kabla kurasa hazijaenda kiwandani. Siku hizi uamuzi ukisomwa katika mahakama za Milimani saa nne asubuhi, mhariri wa mtandao anautaka papo hapo, na wa gazeti atautaka tena jioni. Wanagenzi wengi hudhani hiyo ni stori moja inayotumwa mara mbili, na hapo ndipo kazi yao huanza kukataliwa.

Stori ya jioni itasomwa kesho na mtu ambaye tayari ameiona kwenye simu, pengine na video juu. Ukifungua na "Mahakama jana ilisimamisha...", umeshampoteza. Tuseme korti imesimamisha nyongeza ya ada za maegesho jijini. Mtandaoni weka uamuzi, jina la jaji na tarehe ya kesi kutajwa tena, basi. Kwa ajili ya gazeti, nenda uzungumze na wenye magari ya mizigo kule Gikomba, uliza kaunti ilitarajia kukusanya kiasi gani, kisha usome ombi lenyewe lililowasilishwa kortini. Ni refu na linachosha, lakini mara nyingi habari yenyewe imejificha kwenye viambatisho ambavyo hakuna ripota mwingine aliyevifungua.

Vichwa navyo vinatofautiana. Ukurasa wa mbele unaweza kubeba neno moja, "WAPUMUA!", kwa kuwa picha iko pale pale chini yake. Kwenye simu hakuna anayetafuta "wapumua" kwenye Google. Andika "Korti yasimamisha nyongeza ya ada za maegesho Nairobi". Wakongwe watalalamika kwamba hakina ladha. Wana haki, ila kinapatikana.

Kuhusu pesa, jua unakoingia. Nation ilianza kutoza wasomaji wa tovuti yake mwaka 2021. Njia ya kulipa si tatizo, maana M-Pesa tunayo tangu 2007; kazi ni kumpa msomaji sababu ya kulipa. Na huku nakala ya PDF ya gazeti zima inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp kabla muuza magazeti hajapanga meza yake. Usiisambaze, hata kwa mjomba aliyekulipia karo. Huo ni mshahara wako.

Jihadhari pia na kurasa za mbele za kughushi, hasa uchaguzi unapokaribia. Nembo ni ile ile, rangi ni ile ile, ila kichwa kimebadilishwa. Kabla hujamtumia mtu, linganisha na ukurasa uliowekwa kwenye akaunti rasmi ya gazeti husika, na uangalie kama siku na tarehe zinaoana. Wanaoghushi huteleza hapo.

Utaonyeshwa skrini inayohesabu waliobofya kila stori. Iangalie, lakini saa ya chakula cha mchana pitia bustani ya Jeevanjee. (Mwenye jina hilo ndiye aliyeanzisha, mwaka 1902, gazeti ambalo leo ni The Standard.) Sikiliza watu wanabishania nini. Mara kwa mara si stori iliyobofywa zaidi. Ni ya bei ya unga, ya ardhi, au ya mbunge aliyegeuka. Mimi mawazo yangu mengi ya stori huyatoa pale.

Mwisho, kama unalipwa kwa kila stori iliyochapishwa, weka daftari: tarehe, kichwa, ukurasa au kiungo, na jina la mhariri aliyeipokea. Hifadhi na nakala yako mwenyewe ya kila kazi, kwa sababu tovuti hufanyiwa ukarabati na viungo vya zamani hufa. Ukiombwa mifano ya kazi yako mahali pengine, usije ukabaki na kiungo kisichofunguka.