Wadogo zangu mnaoanza kusoma ndege, injini na bawa msivitenganishe

Wale mnaoanza kozi ya ufundi wa ndege nawaomba kitu kimoja. Chuoni mtasoma injini kivyake na bawa kivyake, walimu wawili mitihani miwili, lakini mkifika hanga, lile banda la kutengenezea ndege, mtakuta hewa ni ile ile moja, inayoguswa na injini ndo inayoenda kubeba bawa.

Mimi kilichonifungua macho ni kipande cha bati tu. Nikiwa field, fundi mkuu alinisimamisha pembeni ya Boeing 737 akaniuliza kale kapezi kalikosimama ubavuni mwa ganda la injini, upande wa ndani, kana kazi gani. Sikujua. Akanieleza taratibu kwamba ndege ikija kutua inakwenda polepole na pua iko juu, hapo ganda la injini linavuruga hewa inayopanda kwenye bawa, ile hewa iliyovurugwa inaliachia bawa mapema na sehemu ya bawa iliyo nyuma ya injini inastoli, yaani inaacha kubeba, kabla ya sehemu nyingine za bawa. Sasa kale kapezi kanasokota hewa kama kamba, ule msokoto unapita juu ya bawa na kushusha hewa yenye kasi mpaka kwenye ngozi ya bawa, basi bawa linaendelea kubeba. Ukiwa unatua Dar siku ya unyevu, kaa dirisha la karibu na bawa, unaweza kuuona kabisa kama uzi mweupe wa mvuke. Kwahiyo mkikuta kapezi kamepinda msikapite, andikeni.

Alafu fuatilieni hiyo hiyo 737 ilivyobadilika. Iliporuka mara ya kwanza 1967 injini zake zilikuwa nyembamba, zimebanwa chini ya bawa. 737-300 ya 1984 ikaja na injini ya CFM56 yenye feni pana mbele na chini hakuna nafasi, ikabidi injini isogezwe mbele na vifaa vyake vya chini vihamie ubavuni, ndo maana mdomo wa ganda la injini umebapa chini. Kwenye 737 MAX feni ikafika inchi 69, injini ikasogea mbele na juu zaidi, na ganda lenyewe likaanza kusaidia kuinua pua wakati pua tayari imeinuka sana. Wakaweka MCAS, programu ya kusukuma pua chini, ikawa inasikiliza kihisi kimoja tu cha pembe ambayo bawa linaikabili hewa, na kihisi kikidanganya inasukuma tu. Oktoba 2018 Indonesia walikufa watu 189, Machi 2019 wakafa 157 kwenye ndege ya Ethiopian iliyokuwa inakuja Nairobi, 32 kati yao Wakenya. Hapa msisome haraka haraka.

Njia nyingine ni kuiondoa kabisa injini kwenye bawa: zile ndege za Super VC10 za shirika la zamani la East African Airways injini zote nne zilikaa mkiani, bawa likabaki safi lote kwa flapu, vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kuruka na kutua, kitu kizuri mno kwa uwanja wa juu kama Nairobi ambako hewa ni nyepesi.

Na mtakaoangukia ndege za propela kama Q400, mkumbuke propela inapuliza bawa moja kwa moja, nguvu ya injini ikikatwa ghafla karibu na ardhi ule upepo wa propela unakata na ndege inakaa chini kwa kishindo. Injini moja ikizima, bawa la upande huo nalo linapungukiwa nguvu, kwahiyo ndege haigeuki tu, inalala pia.