Maswali yenu ya bwawa la shamba

Mbukwenyi jamani, meseji zimekuwa nyingi, kila mtu anataka achimbe kabla ya mvua za Desemba, nachukua nne.

*Bahi: Shamba langu lina kichanga, maji yatakaa?*
Kaka usianze na katapila, anza na jembe. Chimba shimo la kiunoni, jaza maji jioni, asubuhi jaza tena na uangalie hiyo mara ya pili, maana ya kwanza udongo unakata kiu tu. Halafu chukua udongo wa chini kabisa, loweka, kanda, sokota kijiti chembamba kama penseli. Kikikatika katika ni mchanga huo, ukiweza kukipinda kama pete ni mfinyanzi, una bahati. Kichanga kitupu kinataka nailoni ngumu ya bwawa au kusomba mfinyanzi na kuushindilia tabaka kwa tabaka, na bei yake usidanganywe.

*Chamwino: Langu ni mita 20 kwa 20, kina mita moja, lilijaa mpaka nikapiga picha, Agosti tope tupu.*
Dada ulichimba sahani. Jua letu na ule upepo wa kiangazi vinanyonya kama milimita tano kwa siku, hesabu Mei mpaka Novemba, zaidi ya mita moja imepaa na ng'ombe hajanywa. Punguza upana, nenda chini mita tatu, kingo ziwe mteremko maana za wima zinaporomoka.

*Kongwa: Tuta langu limekatika misimu miwili.*
Utoro uliacha? Ile njia ya pembeni ya maji yaliyozidi. Mimi la kwanza niliziba kila upande, eti sipotezi hata ndoo, mvua ya usiku mmoja tu maji yakapanda juu ya tuta, asubuhi nakuta pengo la kupita trekta na mahindi ya jirani yamelala chini, nikalipa debe sita huku naangalia pembeni. Utoro ukae chini ya kichwa cha tuta kama nusu mita au zaidi, kwenye ardhi ngumu ambayo haijaguswa, mpana, uote majani. Na miti ikiota juu ya tuta ng'oa ikiwa bado midogo, mizizi ikioza inaacha mirija maji yanapita humo humo.

*Mpwapwa: Nikiziba korongo lazima kibali?*
Ndiyo, nenda bodi ya maji ya bonde lako kabla hujalipa mafuta ya katapila, wa chini yako nao wanalitegemea hilo korongo.