Aliimba "nakupenda", tukasikia "nakutenda"

Studio yangu ipo Mabatini, Mwanza. Ni chumba kimoja chini ya bati, na mvua ikinyesha kurekodi kunasimama. Kazi nyingi ninazopata ni kwaya na bongo fleva, kwa hiyo siku walipokuja vijana wa roki na magitaa mawili, geini ya distoshoni, ile inayofanya gitaa likwaruze, imezungushwa mpaka mwisho, nilifurahi kama mtoto. Tukarekodi siku mbili, nikamiksi usiku, nikawatumia wimbo kwa WhatsApp. Asubuhi dada yake mwimbaji akanipigia: "Kaka, samahani, hivi kwenye kiitikio anasema nakupenda au nakutenda?"

Nikasikiliza tena. Hata mimi niliyemrekodi sikuwa na uhakika.

Nilifanya wanachofanya wengi: nikapandisha sauti yake. Akawa kama mtu wa mnada anayetangaza bei huku bendi inapiga nyumba ya jirani. Nikamshusha, akamezwa. Nilipoteza karibu wiki nzima kwenye slaida hiyo moja kabla sijakubali kwamba tatizo halikuwa kwake, lilikuwa kwenye magitaa.

Distoshoni hukata vichwa vya mawimbi ya sauti, na hapo zinazaliwa sauti nyingine nyingi za juu ambazo gitaa safi halina. Tena inabana kila kitu, hakuna kupanda wala kushuka, unabaki na ukuta. Ukuta huo una nguvu nyingi kati ya Hz (mitetemo kwa sekunde) 1,000 na 5,000 hivi, na uwazi wa maneno uko humohumo. Irabu hazina shida, zina nguvu za kujitetea. Zinazokufa ni konsonanti. Sasa angalia Kiswahili chetu, karibu kila silabi inaishia na irabu: pata, kata, tata. Kinachozitofautisha ni mlio mmoja mfupi sana pale mwanzoni. Gitaa likiukalia, msikilizaji anabakiwa na a-a tu.

Kwa hiyo anza kabla hujawasha kompyuta. Mwambie mpiga gitaa apunguze geini. Atakasirika, mwache akasirike. Kisha apige sehemu yake mara mbili kweli kweli, moja uiweke kushoto na nyingine kulia, katikati pabaki kwa mwimbaji. Usimkopi. Nakala mbili zinazofanana kabisa zinarudi katikati, umejaza palepale ulipotaka kupaacha wazi.

Na apumzike! Wazee wa dansi walilijua hili zamani: gitaa la solo linajibu mwimbaji akinyamaza, na sebene linasubiri maneno yaishe. Vijana wangu walikuwa wanapiga sebene la roki mwanzo hadi mwisho. Tulirudia beti zote, gitaa moja likiwa limezibwa nyuzi kwa kiganja, na nusu ya shida ikaisha pale.

Mwimbaji naye ana kazi yake. Nenda stendi ya Buzuruga umsikilize konda. Hana maiki, injini zinaunguruma, honi zinalia, na bado "Igoma Igoma" unaisikia ukiwa ng'ambo ya barabara, kwa sababu anaisukuma sauti ipite kama puani. Huo ukali unaopenya hauko kwenye besi. Kijana wangu alikuwa anaimba kwa kifua, sauti nene ya bafuni, tamu sana akiwa peke yake.

Ukishafanya hayo, ekolaiza, ile ya kuongeza au kukata sauti za chini, za kati au za juu, inabaki na kazi ndogo. Kwenye magitaa nakata chini ya Hz 100, hayo ni maeneo ya besi na kiki, ngoma kubwa ya mguu. Halafu kuna ujanja ninaoutumia kila mara: kwenye sauti ya mwimbaji naongeza eneo moja jembamba la Hz, nalisogeza taratibu mpaka nifike mahali maneno yanaruka mbele. Kwa huyu ilikuwa karibu Hz 2,800. Naikariri namba, naondoa nyongeza yote, kisha nakata palepale kwenye magitaa, desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 2 au 3, kwa eneo pana zaidi. Kama programu yako ina ekolaiza inayoweza kuamshwa na traki nyingine, iamshe kwa sauti ya mwimbaji, ili magitaa yapishe anapoimba tu na yarudi akinyamaza. Usije ukasikiliza gitaa peke yake baada ya hapo, utaliona limekonda na utaanza kulirudishia nyama.

Kompresa, ya kubana sauti ya mwimbaji inapopanda sana, natumia mbili. Ya kwanza ya haraka, ya kudaka vilele, na ya pili ya polepole. Kila moja inabana desibeli 3 hivi, maana moja ukiibebesha mzigo wote, sauti inakuwa kama imekabwa. Lakini kilichoiokoa "nakupenda" haikuwa kompresa, ilikuwa mkono. Nilipita wimbo mzima neno kwa neno nikichora sauti ipande pale silabi ilipozama. Silabi ya "pe" iliongezeka desibeli 2 tu. Inachosha, na sijaona njia ya mkato.

Riveba, ule mvumo wa ukumbini, punguza, inamrudisha mtu nyuma ya ukuta. Mimi naweka dilei, yaani mwangwi, fupi inayofuata mwendo wa wimbo: gawanya 60,000 kwa tempo (mapigo kwa dakika), upate milisekunde za pigo moja. Tempo 120 inakupa 500, na nusu yake, 250, ndiyo niliyoitumia.

Kujaribu miksi nilikuwa nampa dereva wa Hiace flashi, nikakoma, maana spika zake ni besi tupu na abiria wanabishana mpira. Sasa nasubiri mvua. Bati likianza kulia nacheza wimbo kwenye simu, sauti ya chini, simu juu ya meza, mimi nimesimama mlangoni. Ule wimbo niliucheza hivyo jioni moja, maji yanateremka kwenye mawe nyuma ya nyumba. Magitaa yalibaki mlio tu, ngoma sikuisikia kabisa. Kiitikio kilipofika, ile "pe" ilipita katikati ya mvua. Nikamtumia dada yake usiku uleule.