Grauti ya marumaru: chunga maji kuliko unga

Marumaru zilizopangwa vizuri huweza kuharibiwa na grauti, yaani unga wa saruji unaokorogwa na maji kuziba mianya kati yake, ndani ya mchana mmoja. Mistari yenye mabaka, vitundu vidogo vidogo, sehemu zilizodidimia, ukungu mweupe usiotoka hata upige deki mara kumi: mara nyingi chanzo cha yote hayo ni maji. Ama yalizidi kwenye ndoo, ama yalizidi kwenye sponji, ama marumaru kavu ziliyafyonza kabla saruji haijashika. Ukiyadhibiti maji, hata kama hujawahi kushika mwiko, utapata mistari ya kueleweka.

Tuanze dukani. Kabla ya kuchagua rangi, pima upana wa mwanya. Mianya ya milimita 1 hadi 3, ambayo ndiyo ya kawaida ukutani, inataka grauti laini isiyo na mchanga. Kuanzia milimita 3 kwenda juu, hasa sakafuni, chukua yenye mchanga mwembamba. Ile laini ikijazwa kwenye mwanya mpana husinyaa inapokauka, kisha hupasuka katikati. Upana unaofaa huandikwa kwenye mfuko, kwa hiyo usome mfuko kabla ya kumsikiliza muuzaji.

Wengi bado wanaziba kwa saruji nyeupe tupu kwa sababu inapatikana kila kona na bei yake ni nafuu. Ukutani, kwenye mwanya wa milimita 1 au 2, itavumilika. Sakafuni hapana. Inasinyaa, inapasuka, inanyonya uchafu, na baada ya muda bafu lililokuwa jeupe linakuwa na mistari ya kahawia. Na wale wanaoipaka rangi kwa kukisia unga wa oksaidi kwa kiganja, kila ndoo hutoka na rangi yake.

Kwa sakafu ya jikoni au sebule, kijivu cha wastani kinaficha mengi. Grauti mbichi huonekana imekolea kuliko itakavyokuwa ikikauka, hivyo usihukumu rangi kwenye ndoo. Koroga kijiko kimoja, paka kwenye kipande cha marumaru kilichobaki, ngoja kesho yake. Jaribio hilo hilo litakuonyesha kama marumaru zako zinashika doa, maana baadhi ya marumaru za porselini zilizong'arishwa hunywa rangi ya grauti nyeusi na haitoki tena. Ukinunua mifuko zaidi ya mmoja, hakikisha namba ya toleo ni moja. Zikitofautiana, changanya unga wote ukiwa mkavu kabla ya kuanza.

Kiasi kinapigiwa hesabu. Jumlisha urefu na upana wa marumaru moja, gawanya kwa urefu mara upana, kisha zidisha kwa unene, kwa upana wa mwanya, na kwa 1.6. Vipimo vyote viwe vya milimita. Jibu ni kilo kwa kila mita ya mraba. Marumaru ya 400 kwa 400, unene 8, mwanya 3, inakula takriban kilo 0.19. Chumba cha mita 12 za mraba kitataka kilo 2.3, ongeza asilimia 10 ya kupotea, utahitaji kama kilo 2.5. Lakini zile ndogondogo za 25 kwa 25, unene 5, mwanya 2, zinakula karibu kilo 1.3 kwa mita ya mraba. Hapo ndipo watu hukwama Jumapili jioni, mfuko umeisha na duka limefungwa.

Usianze kuziba siku ile ile ya kubandika. Kama marumaru zimeshikwa kwa gundi, subiri angalau saa 24. Kama ni saruji na mchanga, zipe siku 3. Kisha pita ukigonga kila moja kwa mpini wa mwiko. Inayolia uwazi, chini yake kuna shimo. Ni matokeo ya kubandika kwa kuweka mabonge manne ya kona na moja la katikati badala ya kusambaza. Marumaru hiyo itacheza ikikanyagwa, na grauti ya pembeni yake itachomoka hata ungeijaza kwa ustadi gani. Ing'oe sasa uibandike upya.

Toa spesa zote, vile vipande vya plastiki vya kutenganisha marumaru. Wapo wanaozifukia ili kuokoa muda, lakini grauti iliyo juu ya plastiki huwa nyembamba, hubadilika rangi kwenye kila njia panda na hatimaye hubanduka. Halafu safisha gundi au saruji iliyopanda kwenye mianya. Unataka kina kisichopungua theluthi mbili za unene wa marumaru. Kwa marumaru ya milimita 8, hiyo ni zaidi ya milimita 5. Kipande cha msumeno wa chuma kilichofungwa kitambaa upande wa kushika kinafanya kazi hiyo vizuri. Kina kisipolingana, mistari itakauka kwa kasi tofauti na rangi itatofautiana. Fagia vumbi kwa brashi, kisha, kama hali ya hewa ni joto na kavu, pitisha sponji yenye unyevu. Mianya iwe na unyevu tu, maji yasituame ndani yake.

Sasa ndoo. Anza na kilo moja tu. Grauti nyingi zinataka mililita 250 hadi 300 za maji kwa kilo, ila kipimo cha kufuata ni kile kilichoandikwa kwenye mfuko wako. Chupa ya maji ya nusu lita inatosha kuwa kipimo. Tangulia kuweka maji, unga ufuate kidogo kidogo huku unakoroga kwa mwiko. Ukitanguliza unga, chini hubaki mabonge makavu. Ukitumia drili, iende polepole, kwa sababu mwendo wa kasi huingiza hewa na hewa hiyo ndiyo inayoacha vitundu. Ikiwa laini yote, iache dakika 5 hadi 10, halafu koroga tena bila kuongeza kitu. Uzito unaofaa ni kama wa dawa ya meno: chota kwa mwiko, uinamishe, isimwagike.

Ikianza kukaza ndooni, usiirudishe kwa maji. Itaonekana imelainika, lakini nguvu zake zimekwisha, na mstari wake utakuwa mwepesi kuliko mingine na utakwanguka kwa ukucha. Itupe, ndiyo maana ulianza na kilo moja. Na kama unakaa Dar es Salaam, Unguja au Mombasa na maji yako ni ya kisima chenye chumvi, usiyatumie. Chumvi hupanda juu saruji ikikauka na kuacha madoa meupe. Tumia maji ambayo ungeweza kuyanywa.

Anzia kona iliyo mbali zaidi na mlango, ufanye mita moja au mbili za mraba kwa wakati. Vaa glavu, saruji mbichi inachoma ngozi taratibu bila wewe kugundua. Shika kibao cha mpira kwa mwinamo wa nyuzi 45 na sukuma grauti kwa mshazari, ukikandamiza hadi mwanya ukatae kupokea zaidi. Rudia ukitokea upande mwingine. Kisha simamisha kibao karibu wima ukwangue ziada, bado kwa mshazari, maana ukifuata mstari ncha ya mpira itauchimba. Kipande cha kandambili kinaweza kusaidia kwenye ukuta mdogo, ila usikitegemee kwa sebule nzima.

Kuosha ndiko kunakotenganisha kazi safi na ya ovyo. Subiri kati ya dakika 10 na 20, halafu gusa mstari kwa kidole. Ukiacha alama lakini grauti haigandi kidoleni, wakati umefika. Ukiwahi, sponji itaikomba na mistari itadidimia. Ukichelewa, utakuwa unasugua mawe. Weka ndoo mbili, moja ya kusuuzia na moja ya maji safi. Kamua sponji mpaka isidondoshe hata tone. Mzunguko wa kwanza ni wa kulainisha, kwa mikono myepesi, ukizungushazungusha. Wa pili ni wa kusafisha: vuta sponji mara moja kwa mshazari, igeuze, vuta tena kwa uso wa pili, kisha suuza. Anayerudisha sponji chafu huku na huku anapaka tope upya. Maji yakichafuka, badilisha bila kuyaonea huruma. Ila usiyamwage kwenye sinki wala tundu la bafu, saruji itagandia ndani ya bomba. Yaache yatulie, mwaga maji ya juu nje, na tope litupwe na takataka.

Baada ya saa moja au mbili ukungu mwepesi utatokea juu ya marumaru. Futa kwa kitambaa kikavu siku hiyo hiyo. Ukilala nao, kesho utahitaji sponji ngumu ya nailoni na subira. Steelwire iache, inakwaruza na inaacha kutu.

Zuia jua la moja kwa moja na uzime feni. Kwenye joto kali, nyunyizia mistari ukungu wa maji mara chache kuanzia siku inayofuata. Usipite juu kwa saa 24, na sehemu ya kuogea ipe siku 3 hadi 7 kulingana na mfuko. Ukihitaji kufunika, tumia maboksi yaliyofunguliwa. Plastiki hufungia unyevu sehemu sehemu na kuleta mabaka.

Kona ambako kuta mbili zinakutana, na pale ukuta unapokutana na sakafu au sinki, usitie grauti. Sehemu hizo hucheza, na grauti haina mnyumbuko. Ziache tupu, zikauke kabisa, kisha tia silikoni ya bafuni. Bandika selotepu ya karatasi pande zote mbili, lainisha kwa kidole chenye maji ya sabuni, na ubandue selotepu kabla silikoni haijatengeneza ngozi. Kwenye bafu la kulala, lijaze maji kwanza ndipo uzibe pembeni yake, ili silikoni ikaukie mwanya ukiwa umefunguka hadi mwisho wake.

Kama ni grauti ya zamani unayotaka kuibadilisha, kwangua theluthi mbili ya kina chake. Kupaka mpya juu ya ile kuukuu hakudumu, itabanduka kama magamba. Grainda ni ya haraka, lakini mkono ukitetereka kidogo tu umemega kingo za marumaru, na hakuna grauti inayoficha hilo. Tindikali ya kusafishia vyoo nayo isikushawishi: inakula saruji, kila unapoimwaga mistari inazidi kuwa na vinyweleo na kunyonya uchafu zaidi. Na usiichanganye kamwe na jiki, hewa inayotoka hapo ni sumu. Sabuni ya kawaida ya maji na brashi ya nailoni vinatosha.