Pensheni ya Norway na mfuko wa mafuta: ni halali kupokea?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Mimi ni Mzanzibari, naishi Oslo na kazi yangu ni kuhudumia wazee. Nimekaribia kustaafu. Kaka yangu aliyeko Unguja ananambia pensheni ya huku si halali, kwa sababu inatokana na mfuko wa mafuta wa serikali, ambao umenunua hisa za mabenki na za viwanda vya pombe dunia nzima na unakopesha kwa riba. Anasema pia kwamba nchi kulimbikiza mali nyingi kiasi kile bila kuigawa ndiko kule kurundika dhahabu na fedha kulikokemewa ndani ya Qur'ani. Nifanye nini? Je, kuna zaka? Na mama yangu, aliyekuja huku uzeeni, analipwa na NAV, idara ya ustawi wa jamii ya Norway, posho ya wazee ambao miaka yao ya kuishi hapa haikutosha. Naye anapenda kwenda kukaa nyumbani miezi mingi. Hukumu yake na yangu ni moja?

JIBU: Wa alaykumu s-salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Pensheni yako ni halali, ipokee. Nimelitanguliza hilo kwa sababu mtu aliyetumia nguvu zake kuwainua na kuwaosha wazee wa watu hafai kulala na wasiwasi huku mimi nikizunguka na dalili. Lakini kaka yako amegusa jambo zito, na baadhi ya aliyoyasema ni kweli, kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu.

Wanavyuoni wetu husema hukumu ya kitu hufuata kukijua kilivyo. Basi tukijue. Norway iligundua mafuta mengi kwenye kisima cha Ekofisk, Bahari ya Kaskazini, mwaka 1969. Bunge lao likapitisha sheria ya mfuko mwaka 1990, na fedha ya kwanza ikaingizwa 1996. Mwaka 2006 mfuko ukaitwa Mfuko wa Pensheni wa Serikali, na tangu hapo watu wengi wanaamini kila mstaafu ana fungu lake humo ndani. Hana. Pensheni ya uzeeni hulipwa kupitia bima ya taifa, hiyo folketrygden iliyoanza 1967, kutoka katika bajeti ya serikali ya mwaka husika: kodi na michango ya wafanyakazi, michango ya waajiri, kodi za biashara, pamoja na kiasi kinachochotwa mfukoni kuziba pengo. Ulipokuwa kazini hakuna hisa iliyonunuliwa kwa jina lako wala mkopo uliotolewa kwa niaba yako. Kilichokuwa kikiandikwa ni haki tu. Kwa waliozaliwa 1963 na kuendelea, kila mwaka huandikiwa asilimia 18.1 ya kipato chao, hadi kikomo kilichowekwa. Hilo ni deni la serikali kwako kwa ajili ya kazi yako, na serikali ndiyo inayojua italilipa kutoka chungu gani.

Basi swali la kifiqhi ni hili: ikiwa mali ya hazina imechanganyika halali na haramu, anayestahiki apokee? Mtume (s.a.w.) alikuwa akimpa Sayyidna Umar (r.a.) fungu, naye Umar akisema ampe aliye fukara zaidi yake. Akamwambia: mali hii ikikujia nawe huikodolei macho wala hukuiomba, ichukue. Hadithi hii imo kwa Bukhari na Muslim. Imam Nawawi, ambaye ni katika nguzo za madhehebu yetu ya Shafi, alipoisherehesha alitaja khitilafu ya wanavyuoni kuhusu kupokea kutoka kwa watawala, kisha akapambanua: ikiwa haramu ndiyo iliyozidi katika mali iliyo mkononi mwa mtawala, kupokea ni haramu, la kama si hivyo, inajuzu kwa anayestahiki.

Sasa pima mwenyewe. Sehemu kubwa ya hazina ya Norway ni kodi za kazi na biashara halali. Mafuta yenyewe kuyauza ni halali, na serikali huyatoza makampuni yanayoyachimba asilimia 78 ya faida yao, mbali na visima ambavyo serikali yenyewe ina sehemu ndani yake. Kuhusu mfuko, kiasi cha asilimia 70 ni hisa za maelfu ya kampuni: dawa, simu, magari, vyakula, na ndani yake mabenki na pombe. Kinachobaki kwa wingi ni hatifungani, yaani hati za kukopesha serikali na makampuni kwa faida, na hizo ni riba bila shaka. Haramu imo, lakini haikushinda katika hazina inayokulipa. Na wewe si mpokeaji wa zawadi, ni mdai wa haki yako, kwa hiyo jambo lako ni jepesi kuliko lile alilolizungumzia Nawawi. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alifariki deraya yake, yaani vazi lake la chuma la vitani, ikiwa rehani kwa Myahudi wa Madina kwa vibaba vya shayiri, na Qur'ani imeshawataja Mayahudi kwa kula riba (4:161). Hakuacha kuamiliana nao kwa sababu ya kilichokuwamo ndani ya masanduku yao.

Pale kaka yako alipo sahihi, tumpe haki yake. Muislamu hana ruhusa ya kuuanzisha mfuko wa namna ile akaingiza humo hatifungani na hisa za mabenki ya riba na viwanda vya pombe. Baraza la Fiqhi la Jeddah, la wanavyuoni wa nchi za Kiislamu, lilikaa mwaka 1992 likasema asili ya kununua hisa za kampuni inayoamiliana kwa riba ni haramu, hata kama kazi yake ya msingi ni halali. Kwa hiyo tusije tukasema, kwa sababu pensheni ni halali, kwamba kila kinachofanywa na mfuko ni sawa. Ni munkari, jambo ovu, na aliye raia ana ulimi wa kuukataza. Ule mfuko umewahi kusikia watu. Baraza lake la maadili liko tangu 2004. Kampuni za tumbaku ziliondolewa 2010, makaa ya mawe yakafuata, na Agosti 2025 Benki Kuu yao iliondoa Caterpillar pamoja na benki tano za Israeli kwa sababu ya haki za wanaodhulumiwa katika ardhi zinazokaliwa kimabavu. Ikiwa tumbaku iliweza kutolewa, sioni kwa nini Waislamu wa Norway wasiandike na kusema kuhusu pombe na kamari, jambo ambalo na wasio Waislamu wengi watawaunga mkono.

Ama hili la kurundika, hapa kaka yako amekosea.

Aya ya Suratut-Tawba inamtisha anayekusanya dhahabu na fedha asizitoe katika njia ya Allah, na Abdullah bin Umar (r.a.) ameifasiri kuwa ni mali isiyotolewa zaka yake. Ni mali ya mtu binafsi aliyemfungia fukara haki yake. Mali ya umma iliyowekwa kwa ajili ya watakaokuja ina mlango wake, na mlango huo aliufungua Sayyidna Umar, alipokuwa khalifa, mbele ya masahaba wakubwa.

Waislamu walipoifungua Iraq, walikuta ardhi ya Sawad, mashamba yenye rutuba kati ya Tigris na Euphrates. Wapiganaji wakadai wagawiwe kama ngawira, na waliosimama na rai hiyo hawakuwa watu wadogo: Bilal bin Rabah alikuwa miongoni mwao, na Abdurrahman bin Awf. Umar akakataa. Akasema ikigawiwa leo, watakaokuja kesho wataikuta imeshamalizwa, imerithiwa na baba na watoto, na wajane na mayatima wa miji mingine hawatakuwa na kitu. Mjadala ukaendelea kwa siku. Bilal alishikilia sana hata Umar akawa anamuomba Allah amtosheleze kwa Bilal na wenzake. Ali, Uthman na Talha wakawa upande wa Umar. Kisha Umar akapata hoja katika Suratul-Hashr. Allah ametaja wanaostahiki mali ya fay'i, yaani mali iliyopatikana bila vita: jamaa za Mtume, mayatima, masikini, Muhajirina, Ansari, halafu akasema "na waliokuja baada yao". Na mwanzoni mwa aya hizo imetajwa sababu: mali isiwe inazunguka baina ya matajiri peke yao. Umar akasema aya hii imewakusanya watu wote, hata ambao hawajazaliwa. Ardhi ikaachwa kwa wenyeji walioilima, Uthman bin Hunayf akatumwa kuipima, na kharaji yake, yaani kodi ya ardhi, ikawa inaingia baitul-mali, hazina ya Waislamu, mwaka baada ya mwaka. Imo kwa Bukhari kauli yake: lau si Waislamu watakaokuja baadaye, kila mji uliofunguliwa ningeugawa kama Mtume (s.a.w.) alivyoigawa Khaybar.

Na madini yana dalili yake mahsusi. Mtume (s.a.w.) alimpa Abyadh bin Hammal chumvi ya Ma'rib. Alipoambiwa kwamba ile ni kama maji yasiyokatika, aliirudisha, isiwe ya mtu mmoja. Ndipo wanavyuoni wakasema madini yaliyo dhahiri ni ya watu wote. Na "watu wote" si walio hai leo peke yao, kama Umar alivyofahamu.

Naitazama kanuni ya Norway, na nakiri inanivutia. Tangu 2001 walijiwekea kutumia kwa wastani kiasi cha asilimia 4 tu ya mfuko kwa mwaka, na 2017 wakashusha hadi 3, kwa sababu hiyo ndiyo faida wanayotarajia baada ya kuondoa mfumuko wa bei. Asili haiguswi, yanaliwa matunda. Mwaka 2025 thamani ilikuwa imeshapita krona trilioni 20, na zaidi ya nusu yake ni faida, si mafuta. Sisi tunaijua kanuni hii katika wakfu: Umar alipopata shamba Khaybar, Mtume alimwambia azuie asili yake na atoe sadaka matunda yake. Sisemi mfuko wao ni wakfu wa kisheria, maana Bunge lao linaweza kubadilisha sheria kesho, na wakfu hauguswi. Lakini maana ni ileile. Wala Waislamu hawakuachwa nyuma katika hili. Kuwait ilianzisha bodi yake ya uwekezaji 1953, kabla hata ya uhuru, na mwaka 1976 ikaweka mfuko wa vizazi vijavyo na kuutengea asilimia 10 ya mapato ya nchi. Na miongoni mwa walioisaidia Norway kupanga mambo ya mafuta yake alikuwa mwanajiolojia Farouk al-Kasim kutoka Basra, aliyehamia huko 1968 kwa ajili ya matibabu ya mwanawe. Basra, mji uliojengwa zama za Umar, katika nchi ileile ya Sawad.

Sasa mama yako, na hapa ndipo ningependa usome kwa utulivu kuliko popote.

Asili ya posho yake pia ni halali. Umar alimwona mzee wa Kiyahudi, kipofu, akiomba mlangoni mwa watu. Akamuuliza kilichomfikisha hapo, akasema ni jizya (kodi ya wasio Waislamu), haja na uzee. Umar akamshika mkono hadi nyumbani kwake akampa alichokuwa nacho, kisha akamwita mweka hazina akamwambia amwangalie huyu na mfano wake, kwani hatukumtendea haki ikiwa tumekula ujana wake kisha tukamtupa uzeeni. Hazina ya Waislamu ilimtunza mzee asiye Muislamu. Hazina isiyo ya Waislamu ikimtunza mama yako, amshukuru Mola wake na awashukuru waliompa.

Lakini posho ile ina sharti tofauti na pensheni yako. Imewekwa kwa anayeishi Norway, na anayekaa nje zaidi ya siku 90 ndani ya miezi 12 hupoteza haki ya kulipwa. Mama alilikubali sharti hilo alipojaza fomu, na Waislamu hufungwa na masharti yao. Akikaa Unguja nusu mwaka bila kuwaarifu, na fedha zikaendelea kuingia, zile za muda asiostahiki ni haramu kwake na atawajibika kuzirudisha. Haijalishi kama serikali ni ya Waislamu au si yao, kwani amana aliyoiamrisha Allah irudishwe kwa wenyewe haikubaguliwa dini ya mwenyewe. Mimi naogopea watu wetu mlango huu kuliko ule wa hisa za kampuni wasizozijua. Mpangie safari fupi, au safari ndefu yenye taarifa, posho ikisimama mumsaidie wanawe. Ninyi ndio wenye wajibu wa kwanza.

Liko jambo moja hukuliuliza, na linakuhusu. Mwajiri wako anakuwekea akiba ya pensheni ya kazini, ambayo ni lazima huko kwa waajiri binafsi tangu 2006. Ile ni tofauti kabisa: ni fedha yako, ina akaunti kwa jina lako, na ikiwa umeajiriwa na kampuni binafsi, tangu Februari 2021 unaweza kuihamishia kwa mtoa huduma unayemtaka na kuchagua inawekezwaje. Penye hiari pana dhima. Uliza wamekuwekea hatifungani kiasi gani, uchague fungu la hisa lililo mbali zaidi na mabenki na pombe, na utakapoanza kulipwa ukadirie sehemu iliyotokana na haramu uitoe kwa mafukara bila kunuia thawabu ya sadaka. Kama unafanya kazi manispaa au hospitali ya serikali huna hiari hiyo, na hukumu inarudi kwenye ile ya kwanza.

Zaka ni fupi. Pensheni ya serikali haina zaka kabla hujaipokea, kwa kuwa hujaimiliki milki kamili. Mali ya mfuko wenyewe haina zaka kwa sababu haina mwenyewe maalumu. Akiba ya kazini usiyoweza kuigusa, rai ninayoifuata ni hiyohiyo. Ikiingia mkononi, iunganishe na mali yako nyingine, na kitakachobaki kimefika nisabu, kiwango cha chini kinacholazimu zaka, na kupitiwa na mwaka wa Kiislamu, toa robo ya sehemu ya kumi.

Mpe salamu kaka yako, na mama umbusu mkono kwa niaba yetu. Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.