Barua kwa mwanangu: somo gumu ni lipi?

Mwanangu,

Salamu kutoka Buruburu, sisi huku hatujambo. Juzi uliniuliza kwa simu: mjukuu wangu Imani akiingia Gredi ya 10 atachagua masomo matatu, je, kati ya fizikia, kemia na biolojia, lipi gumu zaidi? Ulikuwa kwenye matatu na makelele yake, nikakujibu nusunusu. Jibu langu kamili ni hili.

Kemia ndiyo ngumu, nami nasema hivyo nikiwa nimeifundisha na kuipenda miaka yote. Mwanzoni mtoto anafurahia kuchuja na kuchemsha. Kisha inakuja mada ya moli, yaani kipimo cha kuhesabia chembe za kemikali, na darasa linagawanyika hapo hapo. Chukua gramu 4 za hidroksidi ya sodiamu, uziyeyushe upate lita moja: hiyo ni moli 0.1 kwa lita. Sentimita 25 za ujazo za myeyusho huo zinahitaji sentimita 25 za ujazo za asidi ya hidrokloriki yenye ukolezi uo huo. Sasa badilisha, utumie asidi ya salfuriki ya ukolezi ule ule. Zinatosha 12.5, kwa sababu kila molekuli yake hutoa ioni mbili za hidrojeni. Nimeona wanafunzi hodari wa kukariri wakiandika 25 tena. Bureti wameishika vizuri, rangi ya waridi ya kiashirio imetoweka kwa tone moja kama inavyotakiwa, halafu hesabu inaharibikia kwenye karatasi. Asiyeelewa moli mapema atahangaika nayo hadi mwisho, maana inamfuata kwenye gesi, kwenye chumvi na kwenye elektrolisisi.

Fizikia inaogopwa kupita kiasi. Katika KCSE, ule mtihani wa kumaliza kidato cha nne, ndiyo inayochaguliwa na watahiniwa wachache zaidi kati ya hizo tatu. Lakini ugumu wake haujifichi, na kanuni zake za kushika si nyingi. Muulize Imani hivi: gari liko Thika Road kwa mwendo wa mita 20 kwa sekunde, dereva akanyage breki, lisimame baada ya sekunde 4. Limekwenda mita 40. Mwendo ukiwa maradufu na breki ni zile zile, litakwenda mita ngapi? Wengi hujibu 80. Ni 160, kwa kuwa muda wa kusimama unaongezeka mara mbili na wastani wa mwendo nao mara mbili. Akitaka kujua kwa nini si 80, usimzuie kuchukua fizikia, hata kama shangazi zake wanasema si ya wasichana. Maneno hayo yananiudhi sana.

Biolojia ndiyo inayodanganya watu. Wanasema ni somo la kusoma tu, wanaingia wakijiamini. Kipande cha kiazi kikilainika kwenye maji ya chumvi, anayeandika "maji yalitoka" hajapata kitu. Mtahini anataka molekuli za maji, zimepita kwenye utando upi, kutoka wapi kwenda wapi, na kwa nini. Imani anaandika kwa uangalifu, kwa hiyo hapo sina wasiwasi naye.

Mkondo wa sayansi unadai hisabati ile kamili (Core Mathematics), si ile nyepesi, hilo halina mjadala. Kabla hamjajaza majina ya shule mnazozichagua, ulizeni pia wanafunzi wanashika vifaa vya maabara kwa mikono yao mara ngapi kwa muhula. Karatasi ya vitendo ya KCSE ina alama 40, na mtoto aliyezoea kumtazama mwalimu akifanya huingia mle akitetemeka. Shule yenye jina kubwa na maabara iliyofungwa kufuli msiichague.

Mimi ningempa zote tatu ikiwa hisabati yake iko sawa. Ikiwa inayumba, achukue biolojia na kemia, la tatu liwe kilimo, kisha tumsukume kwenye moli kuanzia wiki ya kwanza. Mlete Jumamosi baada ya chakula cha mchana, aje na daftari lake la hisabati, hasa zile kurasa zenye makosa.

Ni mimi mama yako.