Kiti cha bodi ya makumbusho hakina dalali

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia, naishi Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa. Nimesoma kwamba Bunge la Marekani hupitisha azimio la kumteua raia kuingia bodi ya Taasisi ya Smithsonian, inayosimamia makumbusho ya taifa huko. Kuna kijana asema hata kwetu mbunge aweza kupeleka azimio kama hilo, nikapata kiti katika bodi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, inayosimamia Fort Jesus. Ataka shilingi elfu sitini za "kuandaa hoja". Tayari amenionyesha karatasi yenye jina langu. Nimpe?

Jibu: Usimpe hata ndururu, mwalimu.

Hiyo karatasi ndiyo inayonikera. Watu huniletea ofisini karatasi za namna hiyo, zina nembo na nambari, na nyumbani vigelegele vimeshapigwa. Hata huko Marekani, azimio lililowasilishwa bado si uteuzi. Lazima lipite Baraza la Wawakilishi, lipite Seneti, kisha Rais atie saini. Likilala kwenye kamati mpaka muhula wa Bunge ukaisha, limekufa. Wala jina halitoki kwa wakala: bodi yenyewe humtafuta mtu na kumpendekeza, ndipo wajumbe wake walio wabunge wapeleke azimio. Viti ni 17, na vya raia ni 9. Kati ya hao, 2 ni wakazi wa Washington na 7 hutoka majimboni, wala hawaruhusiwi wawili wa jimbo moja. Mtu hukaa miaka 6, na akiteuliwa tena ni mara moja tu. Mshahara hana, hurudishiwa nauli na gharama zake, basi. Nadhani hapo kijana wako angeshaaga.

Kwetu njia ni nyingine kabisa. Kuna Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006, na wajumbe wa bodi huteuliwa na serikali kuu, si kwa hoja ya mbunge. Majina hutoka katika Gazeti Rasmi la Serikali. Hujaliona lako humo? Basi usishone kanzu mpya. Mwenye nia na awaandikie wizara inayosimamia turathi, aambatanishe wasifu wake. Barua haina ada.

Na si makumbusho peke yake. Leo ni kiti cha bodi ya makumbusho, kesho ni cha bandari, keshokutwa ni cha maji, na muuzaji ni yule yule mwenye tai na simu mbili. Wanaolipa hujiona wametapeliwa tu, wasijue Sheria ya Rushwa ya mwaka 2016 humshika mtoaji kama mpokeaji. Ukitoa pesa ili afisa ashawishiwe, waweza kufungwa hadi miaka 10, au kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 5, au vyote viwili. Hapo utasimama kizimbani pamoja na huyo dalali, na ualimu wako hautakufaa.

Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ina ofisi Mombasa. Wapelekee hiyo karatasi, na zile jumbe zake za simu usizifute.